Mbu wa Bonde la Kilombero: maswali kuhusu majira yao na saa zao za kung'ata

Maswali haya huulizwa na wakazi wa Ifakara, Mlimba, Malinyi na Ulanga, na pia na wageni wanaoshuka bondeni kwa kilimo, kazi au masomo. Majibu yanahusu bonde lenyewe, yaani tambarare iliyo kati ya milima ya Udzungwa na vilima vya Mahenge, ambako Mto Kilombero hufurika karibu kila masika. Ukiwa Dodoma au Moshi, kalenda ya mbu wako ni nyingine.

Mbu huwa wengi miezi gani?

Ukihesabu mbu wote bila kubagua, kilele ni masika: wanaanza kujaa Machi, Aprili ndiyo balaa lenyewe, na Mei bado wapo. Kabla ya hapo kuna mwinuko mdogo Desemba na Januari, vuli ikishakolea. Kuanzia Juni idadi inashuka, na kati ya Agosti na Oktoba kuna usiku utalala hadi asubuhi usimsikie hata mmoja.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Sikio linahesabu mbu wote kwa pamoja, malaria haihesabu hivyo. Sehemu kubwa ya wanaokuvumia Aprili ni Culex na Mansonia, ambao hawaambukizi malaria kabisa. Na kati ya wale wanaoambukiza, aliye hatari kuliko wote hapa bondeni huongezeka mvua zikiwa zinaaga, Mei hadi Julai, wakati watu wameshaanza kukunja vyandarua. Ukilishika hilo, mengi ya hapa chini yatajieleza yenyewe.

Mvua ikianza leo, mbu watajaa lini?

Yai la mbu huchukua takriban siku 7 hadi 14 kuwa mbu kamili, kutegemea joto la maji. Lakini mvua ya kwanza peke yake haitoshi. Vidimbwi vya mvua ya kwanza hukauka kwa siku chache, na viluwiluwi waliokuwemo hufa kabla hawajapata mabawa. Mpaka mvua irudie, ardhi ishibe na maji yasimame, ndipo kizazi cha kwanza hutoka salama, kikataga, na cha pili kikaja kwa fujo. Kwa kawaida ni wiki 3 au 4 tangu mvua zishike.

Malaria huja nyuma zaidi. Mbu aliyezaliwa hana vimelea. Lazima kwanza amng'ate mtu mwenye vimelea. Kisha vimelea vinahitaji siku 10 hadi 12 hivi, kwa joto la bondeni, kukomaa ndani ya mbu na kufika kwenye tezi za mate. Akikung'ata, homa hujitokeza baada ya wiki moja hadi mbili. Jumlisha zote: kutoka mvua kushika hadi foleni ya zahanati ni zaidi ya mwezi mmoja, mara nyingi miwili. Kwa hiyo homa ya Juni ni kazi iliyoanza Aprili.

Mbona mvua kubwa sana ikinyesha mbu wanapungua?

Kwa sababu inawafagia. Viluwiluwi wa mbu hawajui kupambana na mkondo. Mvua ya kumwagika usiku kucha huwatoa madimbwini na kuwapeleka mtoni, ambako samaki wanawasubiri. Mto nao ukifurika kwa kasi husafisha mazalia ya kingoni. Utapata nafuu ya wiki moja au zaidi.

Kazi hurudi maji yakipungua. Mto ukirudi kwenye mkondo wake huacha maelfu ya vidimbwi vilivyotulia, vyenye jua, visivyo na samaki. Huwezi kumtengenezea mbu mazingira bora kuliko hayo.

Ni mbu wa aina gani hasa wanaosambaza malaria hapa?

Jibu limebadilika ndani ya umri wa mtu mzima mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kule Namawala, mtu mmoja alikadiriwa kung'atwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka, na mhusika mkuu alikuwa *Anopheles gambiae*. Huyo alipenda damu ya binadamu, tena ndani ya nyumba, usiku wa manane. Vyandarua vyenye dawa vilipoenea, kuanzia mradi wa KINET uliouza vyandarua vya Zuia Mbu Kilombero na Ulanga katika miaka ya 1990 hadi ugawaji wa nchi nzima uliofuata, alikutana na dawa kila alipomfuata mtu. Leo karibu ametoweka bondeni.

Waliobaki ni wawili. *Anopheles arabiensis* ndiye mwingi. Ni ndugu wa gambiae, na kwa macho hata kwa darubini huwezi kuwatofautisha. Lazima kipimo cha vinasaba. Yeye hana shida: akikosa mtu anamnywa ng'ombe, akikuta chandarua ndani anakusubiri barazani. Wa pili ni *Anopheles funestus*, mdogo wa umbo, mweusi mweusi, na kwa miezi mingi ni wachache mitegoni. Huyu mchache ndiye anayebeba sehemu kubwa ya malaria iliyobaki, zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi kwa makadirio ya watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya Kilombero na Ulanga miaka ya 2010.

Wachache watawezaje kuleta malaria nyingi kuliko wengi?

Kwa kuishi muda mrefu, na kwa kutochanganya vyakula.

Chukua hesabu hii ya mfano. Una mbu 100 waliopokea vimelea usiku wa leo. Vimelea vinahitaji siku 10 kukomaa. Kama kila siku wanapona asilimia 80, baada ya siku 10 wanabaki 11 tu wa kuambukiza. Kama wanapona asilimia 90, wanabaki 35. Tofauti ndogo ya uhai wa kila siku imezaa mara tatu ya mbu hatari. Sasa ongeza tabia: arabiensis anaweza kunywa damu ya mtu leo na ya ng'ombe keshokutwa, na kila akimng'ata ng'ombe amepoteza nafasi ya kupokea au kupeleka vimelea. Funestus hurudi kwa binadamu karibu kila mara.

Halafu kuna suala la dawa. Funestus wa bonde hili wamejenga usugu mkubwa dhidi ya pairethroidi, kundi la viuatilifu lililowekwa kwenye vyandarua kwa miaka mingi. Anatua kwenye chandarua, anapumzika, anaondoka akiwa hai. Ndiyo maana siku hizi kuna vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali inayozima vimeng'enya ambavyo mbu hutumia kuivunja dawa mwilini mwake. Chandarua kisichotoboka bado kinakukinga hata kama dawa imechoka, kwa sababu mdomo wa mbu haupenyi kitambaa ambacho hujakiegemea.

Kiangazi wanakwenda wapi?

Hawaendi mbali. Bonde hili halikauki kabisa. Maji yanayoshuka Udzungwa hutiririka mwaka mzima, na kwenye kingo za vijito hubaki vibwawa vyenye majani marefu yanayosimama ndani ya maji, maji safi, kivuli kidogo. Hayo ndiyo makazi ya funestus, na hayategemei mvua ya jana. Ndiyo sababu anaweza kuzaliana Agosti na Septemba, wakati madimbwi ya barabarani yamekuwa vumbi.

Arabiensis anapenda maji ya muda, yenye jua: majaruba ya mpunga, alama za matairi, nyayo za ng'ombe, mashimo ya wafyatua tofali. Haya yakikauka, wachache hujibana kandokando ya mto, mabwawani na kwenye mashamba ya umwagiliaji. Vuli ikianza, hao wachache ndio mbegu.

Kwa anayetaka kuua viluwiluwi, mwezi wa Tisa na wa Kumi ndio wakati wake. Mazalia ni machache, yanafikika kwa miguu, na yanajulikana. Kupuliza dawa Aprili, kila unyayo una maji, ni kujichosha.

Wanang'ata saa ngapi?

Kila aina ina saa zake. Ukikaa barazani jua likizama, karibu saa 12 na nusu jioni, wa kwanza kukujia mara nyingi ni Mansonia: wakubwa kidogo, miguu yenye madoadoa, wakali, wanang'ata hata juu ya suruali. Viluwiluwi wao hawapandi juu kupumua kama wengine. Hutoboa mizizi ya magugu maji na kuvuta hewa humo. Kwa hiyo nyumba zilizo karibu na mabwawa yenye magugu ndizo zinazoteseka.

Arabiensis huanza mapema pia, saa 1 au saa 2 usiku, na huendelea usiku kucha bila kilele kikali. Tatizo lake ni zile saa za mwanzo, kwa sababu kabla ya saa 4 usiku watu wengi bado wako nje: wanapika, wanakula, wanaangalia mpira, watoto wanacheza.

Culex wa majumbani, yule anayezaliwa kwenye vyoo vya shimo, makaro na mitaro ya maji machafu, hushika kasi kuelekea saa 6 usiku. Ndiye anayewanyima usingizi watu wa mjini Ifakara. Haambukizi malaria, lakini anaweza kusambaza vimelea vya matende na mabusha.

Funestus ni wa mwisho kuja. Huzidi kuanzia saa 6 usiku, na hukazana hadi saa 11 alfajiri. Kukishaanza kupambazuka bado wapo wanaotafuta. Hii ina maana kwa mama anayeamka saa 10 kuwasha moto, kwa mwanafunzi anayejisomea alfajiri, kwa mlinzi, kwa dereva wa bodaboda anayewahi abiria wa basi. Hawa huwa wameshatoka kwenye chandarua saa zilezile funestus amechangamka.

Wanang'ata ndani zaidi au nje?

Zamani jibu lilikuwa rahisi: ndani. Tangu vyandarua vienee, sehemu ya mbu wanaong'ata nje imeongezeka, kwa sababu wale wa ndani ndio waliouawa. Arabiensis hung'ata nje kwa wingi. Funestus bado hupendelea ndani, na akishiba hutua ukutani au chini ya kitanda akisubiri damu isagike.

Hata hivyo tusidanganyane: kwa mtu anayelala saa 3 na kuamka saa 11, kung'atwa kwingi bado kungetokea kitandani kama asingekuwa na chandarua. Hoja ya "siku hizi mbu wanang'ata nje, chandarua cha nini" haina mashiko.

Wanaingiaje wakati madirisha nimeweka wavu?

Angalia juu. Anofelesi, yaani mbu wa jamii ya *Anopheles*, ile ya malaria, akifika ukutani hupanda, na uwazi ulio chini ya upenu, kati ya ukuta na bati au nyasi, ndio mlango wake mkubwa. Nyumba yenye nyavu nzuri madirishani na upenu wazi haijazibwa.

Tunahamia shambani msimu wa mpunga. Kuna hatari zaidi?

Ndiyo, na swali hili lingestahili kuwa la kwanza.

Familia nyingi bondeni huacha nyumba ya kijijini vuli inapoanza, zikaishi shambani kulima, kupanda, kupalilia, na kisha kufukuza ndege hadi mavuno ya Mei, Juni au Julai. Kibanda cha shambani kina kuta za matete au hakina kuta kabisa. Kimezungukwa na majaruba. Chandarua kimoja kilibaki kijijini kwa wanafunzi, cha pili kimechanika kwenye fito. Na dungu la kufukuzia ndege halina hata pa kufungia kamba.

Ukipanga miezi hiyo juu ya kalenda ya mbu, utaona inafunika vilele vyote viwili: arabiensis wa masika akiwa kwenye majaruba, na funestus wa mwisho wa mvua. Mpunga wenyewe una zamu zake. Mche ukiwa mfupi, maji yanapata jua na arabiensis anajaa. Ukishafunga na kuweka kivuli, yeye hupungua na wapenda kivuli huingia.

La kufanya: chukua chandarua kipya uende nacho shambani, uache cha zamani kijijini, si kinyume. Chandarua cha duara, cha kuning'iniza kwa kamba moja, ni rahisi kufunga kwenye kibanda kuliko cha pembe nne. Na kabla ya kuhama, ujue zahanati iliyo karibu na shamba ni ipi na inafikikaje mto ukijaa.

Wale wanaong'ata mchana ni akina nani?

Aedes, weusi wenye mistari myeupe miguuni. Hung'ata asubuhi na tena alasiri kuelekea magharibi. Huzaliwa kwenye vyombo: matairi, ndoo, vifuu, matundu ya miti. Mayai yao hustahimili ukavu kwa miezi, kisha huanguliwa maji yakiyafikia, hivyo huibuka haraka mno baada ya mvua ya kwanza. Hawaleti malaria. Ni wasambazaji wa dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Chandarua cha usiku hakikukingi nao, ila kwa mtoto anayelala mchana.

Nikifyeka nyasi kuzunguka nyumba nitapunguza mbu?

Utapunguza nyoka. Mbu hawazaliwi kwenye nyasi, wala kwenye mahindi, ingawa hujificha humo mchana kukwepa jua. Wanazaliwa majini tu.

Ukitaka kujua kama maji yaliyo karibu nawe yana wa malaria, chota kwa kikombe cheupe na utulie. Kiluwiluwi akilala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea, huyo ni anofelesi. Akining'inia kichwa chini, mkia juu, huyo ni Culex au Aedes. Kivuli chako kikimwangukia atazama, kwa hiyo simama upande usiozuia jua na uhesabu kabla hajashtuka.

Lile wingu la mbu jioni juu ya tanuri la tofali ni nini?

Ni madume. Kila jioni, jua likishazama, hukusanyika mahali penye alama inayoonekana toka angani: rundo la tofali, jalala, eneo lililochomwa moto, kijia cheupe katikati ya majani. Huzunguka juu ya kichwa cha mtu kwa karibu nusu saa, majike huingia mmoja mmoja, wanapandana na kutoka. Madume hayang'ati, hayana mdomo wa kunyonya damu. Wataalamu hulitafuta wingu hilo kwa kuinama na kutazama juu, anga likiwa nyuma yake. Mahali palepale hutumika siku baada ya siku, kwa hiyo wakusanyaji wa mbu wanaoishi vijijini huyajua maeneo hayo vizuri kuliko mtafiti aliyekuja na gari jana.

Mnahesabuje mbu usiku kucha?

Njia ya zamani ni mtu aliyejitolea kukaa na miguu wazi, tochi mkononi, na kuwanyonya kwa bomba dogo mbu wanaotua kabla hawajang'ata. Hufanya hivyo saa baada ya saa, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ina kikombe chake cha karatasi chenye neti juu. Vikombe hivyo ndivyo vilivyotupa "saa" za hapo juu. Kwa kuwa kuna hatari, hupewa dawa ya kinga na kupimwa.

Kwa wingi wa msimu hutumika zaidi mtego wa taa: balbu ndogo, feni na mfuko, unaotundikwa kando ya miguu ya mtu aliyelala ndani ya chandarua. Mtu ndiye chambo, feni humvuta mbu anayezunguka. Mtego haukuambii mbu aliyenaswa alitaka kung'ata saa ngapi, na hauwezi kuwasemea wale wa nje.

Kwa nini wananing'ata miguuni tu?

Ukikaa kitini nje, anofelesi huruka chini karibu na ardhi, na hukutana kwanza na vifundo vya miguu. Ukilala chini, tofauti hiyo hupotea. Soksi na suruali ndefu jioni husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Na kwa nini mimi kuliko mume wangu?

Harufu ya ngozi na wingi wa hewa ya kaboni unayoitoa hutofautiana kati ya mtu na mtu. Wajawazito huvutia mbu zaidi, nao ndio malaria inayowaumiza zaidi, hivyo chandarua kikiwa kimoja nyumbani, mwenyewe anajulikana.

Mwaka wa El Niño mambo huwaje?

Vuli huja na nguvu isiyo yake, kama ilivyokuwa 1997 na 1998. Mwinuko mdogo wa Desemba huwa mkubwa na kuungana na wa masika bila pengo, na vibwawa vya funestus hujaa mpaka kiangazi kinachofuata. Kwa hiyo usimalize tahadhari maji yakishuka. Miezi mibaya inaweza kuwa mbele.

Ni Julai, sijasikia mbu wiki nzima, mtoto ana homa. Inaweza kuwa malaria?

Inaweza kabisa. Kwa bonde hili Julai haijatoka kwenye msimu, na aliyemng'ata huenda alikuja saa 9 usiku wiki mbili zilizopita. Mpeleke akapimwe siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka huchukua kama dakika 15 hadi 20. Usimpe mseto uliobaki wa mwaka jana kabla ya kipimo, kwa sababu homa ya mtoto inaweza pia kuwa nimonia, na dawa ya malaria haiitibu.